Moja ya Mwisho

Kocha mwenye jimu hunyanyua kilo mia na ishirini bila kukunja uso, ila kwenye kompyuta hutumia kidole kimoja, tena kwa woga, kama anayegusa pasi kuona kama imepata moto. Kila jioni huifunika kwa taulo safi, maana majina yote ya wanachama yamo humo, kwenye programu ya zamani. Juma hili imejizima mara mbili, na dada yake wa mapokezi amechoka: anataka wahamie programu ya mtandaoni.

"Hii naiona ilipo," kocha akasema, akiipigapiga kompyuta mgongoni kama mwanachama aliyeishiwa pumzi. "Hiyo yako inakaa wapi?"

"Mahali usipoweza kuimwagia maji, kaka. Bonyeza 'Hamisha.'"

Akabonyeza. Skrini ikauliza kama ana uhakika. Akabonyeza tena, jasho likimtoka. Ikauliza upya.

"Moja ya mwisho, kaka! Moja tu!" dada akapaza sauti, vilevile kocha anavyowapigia kelele kila asubuhi watu wenye vyuma mabegani.

Kidole kikaganda hewani. Nani ajuaye kuliko yeye kwamba ukiambiwa moja ya mwisho, bado zimebaki tano?