Manjano ya Wifi

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa kuwa pindo alilolishona yeye halikufumuka hata nguo ichakae. Alikuwa na ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka: mara moyo unapaa, usingizi haumjii, maneno yanamtoka mfululizo, mara hana hata nguvu ya kuchana nywele. Vidonge vya hospitali vilimtuliza, ila vilimtetemesha mikono. Kutunga uzi sindanoni ikawa shughuli pevu.

Dada wa mumewe ndiye aliyemletea vidonge vya manjano, kile kiungo cha jikoni.

"Wifi, hiki ni kiini chenyewe. Wanasayansi wamekipima, kinatuliza moyo."

Mama Pindo hakuuliza mara mbili. Vya hospitali akavisukumia uvunguni, kimya kimya.

Mikono ikatulia kweli. Akaimba. Akapokea kazi ya kila aliyebisha hodi. Kisha siku moja mumewe akamkuta amekatakata mapazia ya mteja, mapya kabisa, anashona magauni ya watoto wa mtaa mzima, anacheka, anaongea bila kituo. Alipomgusa bega, akamrushia mkasi. Ukagonga ukuta.

Kliniki walikwenda watatu: yeye, mumewe na wifi. Daktari, mama mmoja asiye na haraka, alisoma maandishi ya kichupa cha manjano.

"Wifi yako hajatunga uongo," alisema. "Zipo tafiti. Baadhi ya wenye sonona waliotumia kiini hiki walipata nafuu. Lakini nyingi ni ndogo, za muda mfupi. Kwa ugonjwa wako wewe ushahidi ni haba mno, na hakiwezi kushika nafasi ya dawa. Kwa nini uliziacha?"

Mama Pindo akanyoosha mikono mezani. "Mimi ni fundi, daktari. Nilikuwa natetemeka."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaniona sina shukrani."

Daktari akashusha pumzi, akambadilishia dawa, akamtaka arudi kila wiki.

Nje, wifi alikuwa analia. "Nilitaka upone tu."

"Najua. Ungekuwa hunipendi ungeniletea maneno, si dawa."

Ilichukua miezi kukaa sawa. Mwenye mapazia, hata baada ya kuombwa radhi, bado akimwona huvuka barabara, na hilo humchoma. Mumewe naye, mkewe akicheka sana, huacha kula akamtazama.

"Nimecheka tu, baba," humwambia. "Kula, chakula kinapoa."