Ubani kwa Mwana-Kondoo

Mzee Kasimu wa Kindu hakumwamini mtu. Maziwa yakipungua kwenye kibuyu, kuna aliyeyanywa. Jirani akimwamkia kwa uchangamfu, kuna anachokitafuta. Neno lake lilikuwa moja, asubuhi na jioni: "Kikulacho ki nguoni mwako." Wala hakuna aliyethubutu kumwuliza kama yeye nguo yake amewahi kuikung'uta.

Kazi yake ilikuwa kufuga kondoo. Waislamu wa mji walichukua kwake kondoo wa Idi na wale wa akika, wanaochinjwa mtoto akipewa jina. Walikuwa kondoo wa kienyeji, wafupi, wapole kupita kiasi. Walizaa popote, hata chini ya ukuta wa jirani huku watu wakipita, wakamlamba mwana na kurudia maganda yao ya mihogo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kisha, miaka ile ya baada ya vita kuu ya pili, mzungu wa serikali aliyesimamia mashamba akaleta kondoo dume kutoka milima ya Kivu, miguu mirefu, mkia mnene. Kasimu alimpokea shingo upande, kwa maana Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, haikuwa na desturi ya kutoa kitu bure. Katika machotara waliozaliwa alibakiza jike mmoja. Mwili alikuwa nao, lakini roho yake ilikuwa juu juu: sufuria ikianguka, anaruka, mtu akimsogelea, anapiga kwato.

"Damu mbili mu mwili moja," Kasimu alisema, "hazilale pamoja."

Hapo mwanawe Musafiri, mfanyakazi wa gari la moshi, alikuwa hajamleta nyumbani Philomène, Mkristo wa Pangi, aliyelelewa misheni. Alipomleta, mzee alimkaribisha kwa mdomo. Moyoni alimchunguza. Mbona anacheka peke yake akitwanga? Mbona anapenda kusimama kwenye zizi, akiwatazama majike wenye mimba bila kusema neno? Jicho la namna hiyo Kasimu alilijua. Huko ndiko kukausha uzazi wa watu.

Basi akajitafutia kinga. Nyumbani kwake mtoto mchanga alifukizwa ubani ili jicho baya lisimpate, na Kasimu hakuona kwa nini mwana-kondoo anyimwe kinga hiyo. Tangu bibi arusi aingie, kila jike akizaa, mzee alimnyakua mwana kabla mama hajageuka, akampangusa kwa kitambaa mpaka akauke, akamshika juu ya chetezo chake cha makaa mpaka kidudu cha watu kikapiga chafya, ndipo akamrudisha. Kondoo wa kienyeji walinusa, wakasita, wakanusa tena, mwishowe wakanyonyesha. Upole wao uliwasaidia.

Chotara hakusita. Alimnusa mwana aliyerudishwa, akampiga kichwa mpaka ukutani. Mwana akafa na kiwele cha mama kimejaa. Uzazi uliofuata, Kasimu alizidisha ubani, na mama naye akazidisha ukali. Huyo naye alizikwa nyuma ya nyumba.

"Umeona?" akamwambia Musafiri. "Tangu bibi yako afike."

"Baba, kondoo njo kondoo."

"Na mutoto mwenye iko mu tumbo yake? Ule naye si wa damu mbili? Mama yake akimukatala?"

Baba ni baba, Musafiri akaondoka na treni kwenda Kibombo.

Tusimcheke mzee, hofu yake ilikuwa ya kweli. Mjukuu huyo alikuwa wa kwanza, na kondoo wa akika yake alikwisha kumchagua. Usingizi ulimpaa akimfikiria. Mwisho akakata shauri: Philomène arudi Pangi akajifungulie kwao. Mtoto akiishi, atachukuliwa. Mama abaki hukohuko. Na liwe limekwisha Musafiri akirudi.

Asubuhi moja akamwambia mwanamke afunge vitu vyake, na asithubutu kusogelea zizi, kwani chotara alikuwa mzito tena. Yeye akateremka kivukoni, akavuka mto Lualaba kutafuta lori la Pangi. Feri ilimchelewesha, akarudi jua limekwisha kuwa kali.

Alipofika uani alisikia sauti nyembamba. Chotara amezaa! Akakimbilia chetezo, na hapo hapo akasimama. Mwana alikuwa wima chini ya mama yake, akinyonya, kimkia kinatikisika. Philomène alikuwa mlangoni, mbali, ameketi juu ya mzigo wake.

"Umemufanya nini?"

"Sikumufanya kitu, Baba. Ulisema nisisogee, njo maana sikusogea. Alizala, akamulamba, mutoto akanyonya."

"Ulimupaka dawa."

"Umunuse, Baba."

Na Kasimu akaingia kumnusa, maana mwenye shaka hajui pa kuishia. Akamwinua mwana, akatia pua mgongoni. Hakukuwa na dawa. Alinuka maziwa na maji ya uzazi, basi. Akamweka chini. Mama akaja, akanusa pale pale mikono ya mzee iliposhika, akarudi nyuma ghafla na kupiga kwato. Mwana alipolifuata ziwa, akasukumwa.

Kasimu alinusa viganja vyake. Ubani. Akanusa mkono wa kanzu, ubani. Alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumshuku, akamkosa. Akatoka zizini kinyumenyume. Yule chotara akamlamba mwanawe upya, taratibu, kutoka kichwa mpaka mkia, ndipo akamwachia ziwa. Mzee aliona aibu iliyomchoma masikio, na nyuma ya nyumba kulikuwa na vikaburi viwili alivyovichimba mwenyewe.

"Lori iko tayari, Baba?" Philomène aliuliza. Alikuwa ameweka mikono miwili juu ya tumbo. "Ao nibakie? Na nikibakia, mutoto wangu naye utamukamata mbele ya miye kumuona?"

Kasimu akamwaga makaa ya chetezo mchangani, akauinua ule mzigo kichwani, yeye baba mkwe mzima, akauingiza ndani ya nyumba. Alipotoka alisimama mbali kidogo na mwanamke, mikono ameificha nyuma.

"Utamuona weye wa kwanza, mama," alisema. "Mimi nitangojea inje, mupaka uniite."