Mhesabie Arudi

Mdogo wangu Yakobo kazi yake ilikuwa kulaza watu kwa maneno. Kazi ya kijinga, na nilimwambia hivyo hivyo usoni, mtu mwenye akili zake kuzunguka kumbi za Mwembesongo na koti linalong'aa kama kifuniko cha sufuria. Siku moja mwendesha bodaboda mzima, na ndevu zake, alibembeleza kabichi akidhani ni mwanawe, ukumbi ukavunjika mbavu. Nilicheka na mimi, sisemi uongo.

Watu walidai ana dawa. Dawa gani! Alinieleza mwenyewe jikoni kwangu akimenya viazi. Kwanza anawaambia wote wafumbate mikono, kisha anasema imegandana, awaone wanaoyashika maneno yake upesi, na hao ndio anaowaita mbele. Halafu ni sauti ya taratibu, pumzi, na kitu kimoja cha kukazia fikra mpaka mengine yafifie. Hawalali kweli, wanasikia kila kitu, na asiyetaka hapelekwi popote. Mwisho anawahesabia moja mpaka tano, wanafumbua macho. Wasomi wanaita hipnosisi. Mimi niliita ulaghai, mpaka mama alipougua.

Saratani ilimshika tumboni, kwetu Mlali. Dawa ya maumivu ilisaidia kiasi, lakini tukimgeuza kitandani aliuma shuka. Dada Irene, mshauri wa wagonjwa kule mjini, ndiye aliyemwambia Yakobo kwamba ujuzi ule ule wa kuchekesha watu hutuliza maumivu. Hauponyi, alisema, unampa mgonjwa nafasi ya kupumua. Akamfundisha majuma mawili, akasisitiza dawa zisiachwe.

Yakobo akalivua lile koti. Akakaa kwenye kigoda, akamshika mama mkono, akamwomba achague pa kwenda. Mama akachagua Mgeta alikozaliwa. Basi kila asubuhi walipanda wote wawili kwa maneno tu: matuta ya mlimani, ukungu miguuni, harufu ya shamba la njegere, maji baridi ya mfereji. Uso wa mama ukalegea, tukamgeuza, tukamwosha, wala hakulalamika. Akihesabiwa tano anafumbua macho na kutuambia njegere zimetoa maua. Siku ile ya kwanza nilitoka nje nikalia, kwa aibu ya maneno yangu yote.

Aliyebaki kushawishiwa ni mjomba Agustino. Kwetu Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mama akiugua neno zito ni la kaka yake. Alikuja na fimbo yake, akamkuta mama kafumba macho na Yakobo ananong'ona. Hakufoka. Aliuliza dada yake kapelekwa wapi na nani atamrudisha. Yakobo akampa shikamoo, akamweleza kama alivyonieleza mimi, lakini mzee alitazama sakafu tu. Mama alipofumbua macho, akajiombea mwenyewe.

"Kaka, niache niende naye. Kule siumwi."

Mjomba akakubali kwa sharti moja, kwamba kila akimpeleka, amrudishe. Yakobo akaahidi.

Jumamosi moja ya Kwaresima, saa nne asubuhi, walikuwa wamefika mferejini. Mama akavuta pumzi, akaitoa, hakuvuta nyingine. Yakobo aliendelea kusema kidogo kwa sauti ile ile, kisha akanyamaza. Hakuwa amehesabu.

Masikini mdogo wangu, laiti angefunga mdomo. Alimweleza mjomba, akidhani anamfariji, kwamba mama alifariki wakiwa bado Mgeta, bila maumivu. Mzee hakusikia faraja yoyote. Alichosikia ni kwamba dada yake kaachwa huko.

Kesho yake, kabla jeneza halijafungwa, ukoo mzima uko uani na katekista kashika kitabu, mjomba akasogea mpaka alipo Yakobo.

"Uliniahidi," alisema. "Mhesabie arudi."

Katekista alitaka kumzuia, Yakobo akamwashiria aache. Yeye alijua kuliko sisi sote kwamba ule haukuwa usingizi wake. Akapiga magoti, akamshika mama mkono kama kila siku. Moja. Mbili. Sauti haikutetemeka mpaka nne. Alipotamka tano nilikuwa nimeinama, mjinga mimi, nikizitazama kope za mama.

Mjomba alisubiri. Kisha akavua kofia, akasema basi, sasa ameamini dada yake kafa kweli, akalia kwa sauti kama mtoto, akiwa ameegemea bega la Yakobo. Hakumlaumu tena tangu siku ile.

Dada Irene amekuja mara mbili kumwita, kuna wagonjwa wanaomhitaji. Mimi mwenyewe nimembembeleza, mimi niliyemwita laghai. Anatikisa kichwa. Anasema kuwapeleka anaweza hata leo, ila kuhesabu ndiko kulikomshinda.