Jina Ambalo Mama Hakulitaja

Nikisikia harufu ya mafuta ya nazi yaliyotiwa asumini, nnarudi kwenye ukumbi wetu wa Kikwajuni, nimekaa mkekani, na jirani yetu muuguzi ananisuka nywele.

Mama alikuwa mwandishi wa gazeti. Asubuhi ile lilikuwa limetoka na habari yake kwamba kipindupindu kimeingia mjini, na watu wachemshe maji kabla ya kuyanywa. Serikali ilikuwa ikisema ni maumivu ya tumbo tu ya msimu wa embe.

Wakabisha hodi wanaume wawili wa serikali. Mama akawakaribisha, akawamiminia kahawa.

"Bibie, nani kakwambia habari za hospitali?" mmoja akauliza kwa upole.

"Hilo sisemi."

"Tupe jina moja tu. Usipotupa, gazeti tunalifunga leo."

Vidole vya jirani vikasita kichwani mwangu. Jana yake nilimsikia kwa masikio yangu akimhadithia mama juu ya wagonjwa waliolazwa kwa siri. Mama hakumtazama, wala hakunitazama mimi. Alimkazia macho yule mgeni.

"Lifungeni," akasema. "Watu washalisoma."

Likafungwa kweli, na mama hakuandika tena. Lakini jioni ile nilipotoka nje, kila ua niliochungulia ulikuwa na moto, na juu ya moto sufuria ya maji ikichemka. Nikazunguka mtaa mzima nikitazama, maana yote yale yalikuwa maneno ya mama yangu.