Taa Nilizomwekea Baba

Desemba ya 2012 nilikuwa fundi wa redio mjini Lodwar, na kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko kibanda nilichofanyia kazi. Nilikuwa nimeunda saketi ya kuunganisha taa za Krismasi na spika ya redio: ngoma ikipigwa zinawaka nyekundu, sauti za kwaya zikipanda zinawaka za kijani. Nilitaka kuzitundika nyumbani kwangu pale mjini, na baba awe wa kwanza kuziona. Baba alikuwa mfugaji wa mbuzi kule Lopur. Alipoambiwa nimesomea mambo ya umeme, aliuliza kama hiyo nayo ni kazi ya mwanamume.

Jicho lake la kushoto lilishakuwa jeupe. Ni ule ugonjwa wetu wa vumbi na nzi: kope hugeukia ndani, zikakwaruza mboni kila mara mtu anapopepesa. Dawa ya wazee ni kibano cha chuma. Baba alizing'oa kope zake mwenyewe miaka na miaka, nazo zikaota upya, ngumu zaidi. Alibakiwa na jicho la kulia tu, na mwezi ule lilikuwa limeanza kuwa jekundu.

Balbu nilizinunua Kakuma, katika soko la kambi ya wakimbizi, kwa mama mmoja wa Sudan Kusini. Nilikuwa nimemchukua baba kutoka Lopur, naye alikaa juu ya gunia akifuta machozi kwa ncha ya shuka. Yule mama alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Daktari ya macho anakuja hapa wiki ijayo," alisema. "Kanisani wametangaza. Wanashona kope. Peleka mzee."

"Nitampeleka, mama. Baada ya sikukuu."

"Taa inaweza ngoja. Macho haiwezi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilijua wakimshona watamfunga bendeji, na mtu aliyefungwa bendeji ataona taa gani? Kwanza aone, ndipo atibiwe. Hiyo ndiyo iliyokuwa akili yangu. Nikampandisha lori hadi Lodwar, nikawaacha madaktari nyuma yetu, huku nikijiona mwana mwema kweli kweli.

Karibu wiki mbili nilipanda na kushuka ngazi. Nilifunga waya, nikazifungua, nikachomeka balbu nyingine mahali pa zilizoungua. Baba alikaa kivulini bila kulalamika, nikimweleza rangi ipi itafuata ngoma na ipi itafuata kwaya, ila aliacha kutembea peke yake. Akitaka kwenda msalani aliniita nimshike mkono. Niliona, nikajiambia ni uzee.

Jioni ya Krismasi, giza lilipoanza kuingia, nilimkalisha mbele ya nyumba. Majirani walikuwa kanisani, tulikuwa sisi wawili tu. Nikawasha. Kwaya ikaimba kwa Kiturkana, na taa zikaruka ukutani pamoja na ngoma, bila kukosea hata mara moja. Nilifurahi hadi nikaona haya. Baba alikuwa akitikisa kichwa kufuata mapigo.

"Apa, unaziona?" nilimuuliza baba.

"Naziona. Hiyo nyekundu inacheza vizuri."

Hata sijakaa chini, umeme ukakatika, kama ilivyo kawaida ya Lodwar. Redio ilikuwa inatumia betri, kwa hiyo kwaya iliendelea kuimba. Ukuta ulikuwa mweusi tii. Baba aliendelea kutikisa kichwa.

"Sasa zimekuwa za kijani," alisema.

Niliizima redio, naye akauliza mbona nimezima, na taa zilikuwa nzuri hivyo.

Tulirudi Kakuma Januari. Madaktari walikuwa wameshaondoka, akabaki nesi mmoja aliyetoka nje ya Turkana, asiyejua Kiturkana. Alimmulika baba kwa tochi kwa muda mrefu, kisha akaizima.

"Kidonda kimetoboa mboni," aliniambia. "Hapa hakuna la kufanya tena. Muulize mzee, Desemba alikuwa wapi? Tulitangaza kila kanisa."

Nilimuuliza baba kwa Kiturkana. Aligeuza uso kuelekea mahali alipodhani nesi amesimama.

"Mwambie kwamba mwanangu alinisihi nije," alisema. "Mwambie mimi ndiye niliyekataa."

Nesi alingoja, kalamu mkononi. Nikamtafsiria neno kwa neno, naye akaandika.