Upondo wa Mwalimu Masatu

Harufu ya dagaa wanaoanikwa juu ya mawe bado hunirudisha majini, kwa sababu ndiyo niliyoivuta mwisho kabla ya kuzama. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa kando ya ziwa, upande wa Kibara, na shule ilikuwa ng'ambo ya ghuba. Mtumbwi mmoja ulipopinduka, mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba mtoto asiyejua kuogelea asivuke tena. Kwangu hilo lilikuwa sawa na kufukuzwa shule. Nilikuwa na miaka tisa, na niliyaogopa maji kuliko fimbo.

Kazi ya kutufundisha alipewa Mwalimu Masatu, kijana aliyekulia Musoma mjini, ambaye alikuwa hajaoa. Wavulana aliwashika mgongoni na kuwafundisha kuelea bila shida. Sisi wasichana alituogopa, au tuseme aliogopa midomo ya watu. Basi alisimama juu ya jiwe akaninyooshea upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akapaza sauti, "Shika! Piga miguu!" Nilishika. Upondo ulikuwa na utelezi, viganja vyangu vikachomoka, na maji yakanifunika. Kupitia maji yale ya kijani niliuona mkono wake ukija, kisha ukasita. Sijawahi kuona kitu cha kutisha kama mkono ule uliosita. Aliyenitoa ni mama, aliyekuwa akifua jirani. Aliruka na nguo zake zote.

"Mwalimu, unamvua mtoto kama kambare?" mama alifoka, huku mimi nikitapika maji.

"Mama, naogopa maneno ya watu."

"Na mimi naogopa kaburi. Maneno tutayajibu wenyewe."

Mchelea mwana kulia hulia yeye, na siku ile mama na mwalimu wote walilia. Kesho yake akina mama walikubaliana: hakuna somo mpaka wawili wao wawe wamesimama majini. Mkono mmoja wa mwalimu ukae chini ya kidevu, mwingine katikati ya mabega, basi. Tena atamke kabla ya kushika na kabla ya kuachia. Mwalimu akawa anatangaza kama utingo wa basi la Mwanza: "Nashika kidevu! Naachia!" Akina mama walicheka mpaka wakashikana. Mimi sikucheka; kila nilipolisikia lile "naachia" nilimng'ang'ania mkono. Lakini nilielea, na nikavuka kwenda shule.

Sasa nimemaliza chuo kikuu, na Jumamosi nafundisha watoto kuogelea hapa Musoma. Akina mama huwa wapo, kama zamani, na mimi hutangaza kila mkono wangu unapokwenda. Hata hivyo nawaza mno. Nikimshika mtoto, je, nimemtisha? Nisipomshika, je, akizama? Hekima ya akina mama wetu iliniokoa, ila katika mapatano yao yote hakuna aliyeniuliza mimi. Ndiyo maana juzi nilimwinamia msichana mmoja wa miaka saba nikamuuliza kama nimshike mgongoni. Aliyatazama maji, akanitazama, akatikisa kichwa.

"Bado, dada."

Nikairudisha mikono yangu nyuma. Tukabaki tumesimama kwenye maji ya magotini, kila mmoja na woga wake, mpaka muda wa somo ukaisha.