Karani Mmoja, Mahakama Mbili

Nilizaliwa Kasulu, na kazi ikanipeleka kuwa karani wa mahakama mbili za mwanzo, ambazo sitazitaja. Jumatatu hadi Jumatano nilikaa ile ya mlimani. Siku zilizobaki nilipanda bodaboda kwenda ile ya karibu na mpaka, majalada nimeyafunga ndani ya kanga yasilowe. Nikiondoka, mlango wa ofisi unatiwa kufuli.

Mama mmoja mjane alishindwa na shemeji yake kesi ya shamba la maharage. Alitaka kukata rufaa, na rufaa ina siku zake. Akafuata nakala ya hukumu, akakuta kufuli. Akarudi, nikamwambia sijamaliza kuichapa. Akarudi tena, kufuli. Nilipomkabidhi, siku zilikuwa zimekwisha.

“Umechelewa, mama,” nikamwambia. Neno hilo lilinitoka kwa mazoea.

Akaacha Kiswahili, akanijibu kwa Kiha, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto: “Nimechelewa mimi? Mimi niliyeshinda njaa hapo barazani kwako?”

Hasira ilinipanda, wala si juu yake. Asubuhi ileile redio ilikuwa imetangaza muswada wa kuongeza makarani katika mahakama za chini. Maneno hayohayo niliyasikia nikiwa na mimba ya binti yangu. Sasa yuko darasa la tano, na meza ya karani wa pili haijaletwa. Wanapiga makofi huko bungeni, halafu huku mjane anaambiwa kachelewa!

Nikamwambia aketi. Nikaandika kiapo, nikaenda kuapa: aliyechelewesha ni mahakama, si huyu mama. Nikamwelekeza wapi akipeleke pamoja na maombi yake ya kuongezewa muda.

Mkubwa wangu akanipigia simu. “Unaidhalilisha ofisi.”

“Ofisi ipi, mzee? Humu niko peke yangu.”

Akakata simu.

Mama akaruhusiwa kukata rufaa nje ya muda, na mwishowe akarudishiwa shamba lake. Mimi nikaletewa barua ya onyo. Kwa kuwa mpokea barua ni mimi, niliigonga muhuri wa kupokelewa, nikaiandika kwenye rejista, nikaitia kwenye jalada langu kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha nikafunga kufuli, maana ilikuwa Jumatano, na kesho yake watu wa mpakani walikuwa wananingoja.